Kupanda vilima visivyo na njia juu ya bonde la Ruaha Mkuu

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Katika likizo ya mwezi wa sita mimi na wenzangu wawili tunakusudia kupanda kimoja cha vilima virefu vinavyolitazama bonde la Mto Ruaha Mkuu karibu na Ruaha Mbuyuni. Tumekwisha kupanda Uluguru mara kadhaa, lakini kule njia zipo. Huku tunaambiwa hakuna njia yoyote. Simu inaonyesha kwamba kutoka kando ya mto hadi kileleni ni kilomita tatu na nusu, na kwamba tutapanda mita 800 hivi. Tunadhani saa tatu zitatosha. Je, makadirio hayo ni sahihi? Tupite kwenye korongo au kwenye mgongo wa mlima? Na tutajuaje pa kushukia?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuondoka na kwa kuyaweka makadirio yako wazi. Nitakujibu yote matatu, ila nitaanza na lile uliloliweka mwisho, la kushuka, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine. Katika mlima wenye njia, anayeshuka anarudi alikotoka. Katika mlima usio na njia, kushuka ni safari nyingine kabisa, yenye maamuzi yake na hatari zake, na inaanza wakati miguu imechoka, maji yamepungua na jua limeinama. Kwa hiyo mtu hachagui upande wa kupandia kwa kuangalia unavyopandika. Anachagua upande ambao ana hakika kwamba ataweza kuushuka, kisha anapanda kwa huohuo.

Sababu yake iko katika umbo la mlima wenyewe. Ukitazama kutoka bondeni utaona kwamba migongo yote inaelekea juu na kukutana. Ukishika mgongo wowote na kuufuata bila kuuacha, utafika penye mgongo mkuu, na mgongo mkuu utakufikisha kileleni, hata kama njiani ulipotoka kidogo kushoto au kulia. Wakati wa kushuka hali inageuka. Mgongo mmoja hugawanyika kuwa miwili, na miwili kuwa minne, na kila penye mgawanyiko unalazimika kuchagua, mara nyingi mahali ambapo vichaka vinakuzuia kuona zaidi ya hatua kumi mbele. Anayekosea mwelekeo kidogo tu karibu na kilele anajikuta baada ya nusu saa yuko kwenye mgongo mwingine, na kati yake na ule aliopandia limelala korongo refu. Watu wengi wanaopotea vilimani hawapotei wakipanda. Wanapotea katika nusu saa ya kwanza ya kushuka, wakiwa na furaha ya kufika na bila kuitazama dira.

Dawa yake ni kazi ndogo inayofanywa wakati wa kupanda. Kila mnapofika mahali ambapo mgongo mwingine unaungana na wenu, simameni, mgeuke, mtazame mlikotoka. Mahali hapo patakuwa na sura nyingine kabisa mtakapopajia kutoka juu, na sura hiyo ndiyo mnayotakiwa kuikumbuka. Pigeni picha kwa simu mkielekea chini, wekeni alama ya mahali hapo kwenye simu, na someni dira mwandike kwenye daftari nyuzi za mwelekeo wa kurudi. Mnaweza pia kufunga utepe wa kitambaa chenye rangi kali kwenye tawi, mkiufungua wakati wa kurudi ili msiwaachie wengine alama za uongo. Mmoja wenu apewe kazi hiyo tangu asubuhi, kwa sababu kazi ya watu wote watatu haifanywi na yeyote.

Sasa kuhusu korongo. Kutoka barabarani korongo huonekana kama njia iliyochongwa: halina vichaka vingi katikati, lina mchanga chini, na linapanda moja kwa moja hadi karibu na kilele. Mawazo hayo huwajia watu hasa wanaposhuka, kwani makorongo yanapoteremka hukutana badala ya kugawanyika, na kila mtu anajua kwamba maji ya korongo lazima yafike mtoni. Ni kweli yanafika, lakini maji hupita mahali ambapo binadamu hawezi kupita. Milima ya bonde hili, Udzungwa upande wa kusini na Rubeho upande wa kaskazini, imo katika mlolongo wa Milima ya Tao la Mashariki. Imejengwa kwa miamba migumu ya kale sana ambayo iliinuliwa pale ardhi ilipopasuka na kupanda, na mto ukaendelea kuchimba chini yake. Katika miamba ya namna hiyo korongo halishuki kwa mteremko mmoja ulionyooka. Linashuka kwa ngazi. Penye mwamba mgumu panabaki ukuta, wakati mwingine wa mita tatu, wakati mwingine wa mita 20, uliolainishwa na maji ya masika ya miaka isiyohesabika. Unaweza kuruka ukuta wa kwanza na ukasimama juu ya wa pili usioweza kuushuka, huku wa kwanza huwezi kuupanda tena. Hapo ndipo watu hukwama usiku kucha, na hapo ndipo huvunjika miguu. Aidha, mawe yote yanayong'oka pande mbili za mlima huishia korongoni, kivuli chake huwavuta nyoka na nyati, na kelele yoyote utakayopiga humo haitoki nje. Ushauri wangu hapa hauna masharti: pandeni kwa mgongo, shukeni kwa mgongo, na korongo mlivuke pale tu mnapoona ng'ambo yake kwa macho.

Kuna umbo lingine la mlima ambalo mpandaji wa njia zilizochongwa halijui, kwa kuwa waliochonga njia walikwisha kulikwepa kwa niaba yake. Katika mabonde ambayo mto umechimba kwa nguvu, mteremko wa chini, ulio karibu na mto, huwa mkali kuliko ule wa juu. Mlima unakuwa umetuna kama tumbo la mtungi. Ukiwa chini huoni kilele halisi. Unaona ukingo wa mtuno, unadhani umefika, kumbe bado nusu. Hilo linachosha tu. La hatari ni lile la kushuka, kwani ukiwa juu ya mtuno unaona mteremko wa wastani mbele yako, kisha ukingo, kisha mto ukimeremeta mbali chini. Kilichoko kati ya ukingo na mto hukioni, na hukijui mpaka umekifikia. Kwa hiyo sehemu ya chini ya mlima ichunguzeni siku moja kabla, mkiwa ng'ambo ya bonde au barabarani, ikiwezekana kwa darubini, asubuhi au jioni jua linapopiga kwa ubavu na kuonyesha vivuli vya magenge. Saa moja ya kutazama kutoka mbali inafundisha zaidi kuliko ramani yoyote mnayoweza kuipata. Chagueni mgongo ambao mnauona wote, kutoka shambani hadi juu, bila mstari wa mwamba mtupu kuukata. Kama hakuna mgongo wa namna hiyo, chagueni kilima kingine. Bonde hilo halina upungufu wa vilima.

Nimesema ramani haitoshi, na ni haki nieleze kwa nini. Sehemu kubwa ya mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha mahali penye urefu sawa, mnayoiona kwenye simu hutokana na vipimo vya rada vilivyofanywa kutoka angani na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, na vipimo hivyo hutoa urefu mmoja kwa kila eneo la takribani mita 30 kwa 30. Genge la mita 15 linalosimama ndani ya eneo hilo halionekani kama genge. Linachanganywa na ardhi iliyo juu na chini yake, kisha linatokea kama mteremko mkali wa kawaida. Ramani za karatasi za kipimo cha 1:50,000 (milimita moja kwenye karatasi ni mita 50 ardhini), zinazotolewa na idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi, zilichorwa kutokana na picha za ndege na huonyesha umbo la migongo vizuri zaidi, lakini nazo haziwezi kuonyesha genge lililo fupi kuliko nafasi ya kontua zake. Ukiwa na ramani ya namna hiyo yenye kontua za kila mita 20, chukua rula. Kontua zikiachana kwa milimita moja, mteremko ni wa nyuzi 22 hivi, nao unapandika kwa miguu bila wasiwasi. Zikiachana kwa nusu milimita, mteremko unakaribia nyuzi 39, na hapo mtu aliye na mzigo anatumia mikono, nyasi kavu zinateleza, na jiwe lililong'oka halisimami mpaka bondeni. Mimi siwapeleki watu wapya mahali ambapo ramani inaonyesha hali hiyo kwa urefu wa zaidi ya kontua nne au tano mfululizo.

Mkitumia karatasi pamoja na simu, jihadharini na jambo moja ambalo halisemwi mara nyingi. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilipimwa kwa msingi wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia ule wa WGS 84. Nambari zilezile za mahali katika misingi hiyo miwili hutofautiana ardhini kwa takribani mita 300, hasa kuelekea kaskazini na kusini. Kwenye barabara tofauti hiyo haimdhuru mtu. Kwenye mlima, mita 300 zinatosha kukuhamisha kutoka mgongo wako hadi mgongo wa jirani. Kabla ya safari nendeni mahali mnapopajua bila shaka, kama vile penye daraja, mlinganishe nambari za mahali zinazoonyeshwa na simu na zile za karatasi, na mrekebishe mapema.

Tuje kwenye saa tatu zako. Iko kanuni ya zamani iliyotolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Uskoti aliyeitwa William Naismith, inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano za mwendo, na kuongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu hiyo kilomita tatu na nusu ni dakika 42, mita 800 ni saa moja na dakika 20, na jumla inakuwa saa mbili na dakika mbili. Kwa hiyo makadirio yako yanaonekana yana hata akiba ndani yake, na si ajabu kwamba yalikuridhisha. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo ilitungwa kwa mtu mwenye afya anayetembea juu ya ardhi iliyo wazi katika nchi ya baridi. Miteremko ya Ruaha Mbuyuni ina vichaka vya miiba, ambamo kikwata peke yake kinaweza kumshika mtu nguo kwa dakika nzima. Ina nyasi zinazofika kifuani ambazo chini yake huoni unapokanyaga, na mawe yaliyolegea. Katika hali hiyo acheni kabisa kuhesabu kilomita. Hesabuni urefu mnaoupata kwa saa. Kundi la watu watatu wasiozoea hupanda mita 150 kwa saa, na likikuta kichaka kinene linaweza kupata nusu yake. Mita 800 kwa kiwango hicho ni zaidi ya saa tano. Kushuka, tofauti na mnavyodhani, hakutapungua chini ya saa nne, kwa sababu kila hatua itahitaji kupimwa. Jumla ni saa tisa hadi kumi, pasipo mapumziko.

Mwezi wa sita katika eneo hilo jua linachomoza karibu saa 12:45 asubuhi na kuzama kabla kidogo ya saa 12:30 jioni, na baada ya hapo mna dakika 20 tu za mwanga unaofaa. Ondokeni mguuni pa mlima saa 12:30 asubuhi, mara macho yanapoweza kuona jiwe. Kisha wekeni saa ya kugeuka, nayo iwe saa 6 mchana, popote mtakapokuwa. Saa hiyo ikubaliwe na wote watatu usiku wa kabla ya safari, mkiwa mmeketi na mmeshiba, kwa kuwa mtu aliyebakiza mita 100 kufika kileleni hana tena uwezo wa kuamua kwa haki. Wekeni pia kipimo cha katikati: kama kufikia saa 3 asubuhi hamjapata mita 300, hamtafika kileleni siku hiyo, na ni afadhali mjue mapema mkakae mahali penye mandhari nzuri kwenye mgongo, mle, mtazame bonde, mrudi. Mandhari ya bonde lile la mibuyu kutoka mita 300 juu yake ni tuzo kamili.

Uzoefu wenu wa Uluguru utawasaidia kwa pumzi na miguu, lakini katika suala la maji utawadanganya. Miteremko ya mashariki ya milima hii, Uluguru kama ilivyo Udzungwa inayotazama Kilombero, hupokea mvua inayotoka Bahari ya Hindi, ndiyo maana huko kuna misitu minene na vijito hadi karibu na vilele. Bonde la Ruaha Mbuyuni liko nyuma ya ukuta huo, na mvua nyingi huishia upande wa pili. Kuanzia Mei hadi Novemba migongo yake haina tone la maji. Kila mtu abebe lita tano, ambazo ni kilo tano mgongoni, nanyi mziache lita moja moja ndani ya kivuli mahali pa kuonekana mnapopanda, ili ziwasubiri wakati wa kushuka. Lita moja haifai kuguswa kabla ya saa ya kugeuka. Upande mnaouchagua nao una maana. Mwezi wa sita jua la kwetu linapita kaskazini, kwa hiyo miteremko inayotazama kaskazini, yaani ile ya ukingo wa kusini wa mto, inapigwa jua mchana kutwa, wakati ile ya Rubeho inayotazama kusini inapata nafuu. Kwa wanaoanza, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya siku njema na siku ya mateso. Mwenzenu akianza kuumwa kichwa, akakosa hamu ya kunywa, akajikwaa mara kwa mara au kutoa majibu yasiyoeleweka, safari ya kupanda imekwisha: mlazeni kivulini, mmlegeze nguo, mmlowanishe na kumpepea, na anywe kidogo kidogo kama ana fahamu zake.

Hatari ambayo naiogopa kuliko zote katika vilima hivyo ni moto, nami nashangaa kwamba wapandaji wachache sana huiuliza. Kuanzia mwezi wa sita nyasi zimekauka, na watu huchoma kwa sababu nyingi: wakulima wanaosafisha mashamba, wafugaji wanaotafuta majani mapya, warina asali, wachoma mkaa. Moto hupanda mlima kwa kasi kubwa mno, kwani ndimi zake huinamia mteremko na kukausha nyasi za juu kabla ya kuzifikia, na mchana upepo wa bonde nao huvuma kuelekea juu. Kwa makadirio yanayotumiwa na wazima moto, kasi yake huongezeka maradufu kwa kila nyuzi kumi za mteremko. Hakuna mtu anayeweza kuushinda kwa kukimbia kwenda juu. Basi kabla ya kuanza kupanda tazameni kama kuna moshi popote chini yenu, na mrudie kutazama kila saa. Mkiuona unakuja, nendeni kwa ubavu, mtoke kwenye mkondo wake, mtafute mwamba mtupu au eneo lililokwisha kuungua, na kamwe msiingie korongoni, maana korongo huvuta moto kama bomba la jiko. Eneo lililoungua wiki iliyopita halipendezi macho, lakini ndiyo njia bora kuliko zote: unaona unapokanyaga, na hakuna kilichobaki cha kuungua. Ninyi wenyewe msiwashe moto wowote.

Kuhusu wanyama nitasema kwa ufupi zaidi. Mto una mamba na viboko. Isitoshe, kina chake hubadilika bila mvua kunyesha, kwa sababu uko chini ya bwawa la Mtera, ambalo huachia maji kulingana na mahitaji ya mitambo ya Kidatu. Msiuvuke kwa miguu hata mkiona wenyeji wanavuka mahali fulani. Nyuki wa mibuyu na wa mipasuko ya miamba ni hatari halisi. Mkisikia mvumo, rudini mlikotoka kwa utulivu, na wakishambulia, kimbieni mbali bila kupunga mikono, mkiwa mmefunika uso. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe, hakimbii anaposikia nyayo, hivyo vaeni viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, suruali ngumu, na mtangulize fimbo kwenye nyasi. Aliyeumwa asichanjwe wala asikazwe kamba. Mguu wake utulizwe kwa kijiti cha kuushikiza, naye abebwe hadi barabarani na kupelekwa hospitali ya Ilula au ya Mikumi, kutegemea mko karibu na upande upi. Vichakani karibu na mto kuna upupu, ambao mwezi wa sita maganda yake yamekauka na manyoya yake hupeperuka hata kwa kuguswa kidogo. Vaeni mikono mirefu.

Vijia vya wanyama vinastahili neno la ziada. Mtaviona vingi, hasa vya mbuzi mawe, wale swala wadogo wa miambani, kwenye miamba na vya wanyama wakubwa kwenye nyasi, na vinapoelekea mnakotaka vitumieni kwa shukrani, kwa kuwa mnyama anajua kupita mahali penye nafuu. Kumbukeni tu kwamba kijia cha mnyama kinakwenda kwenye maji au malisho, na kwa kawaida huzunguka mlima kwa usawa badala ya kuupanda. Kikianza kuwatoa mgongoni, kiacheni mara moja. Kwenye vijia hivyo pia hutegwa mitego ya waya, kwa hiyo anayetangulia atazame chini.

Mkiwa kwenye mteremko mkali, pandeni kwa kukata pembeni, kushoto kisha kulia, mkigeuka kwa pamoja ili asiwepo mtu chini ya mwingine. Jiwe likiponyoka, anayeliona apige kelele ya neno moja mlilokubaliana, hata kama anadhani halitamfikia mtu. Jaribuni kila jiwe kabla ya kulipa uzito wote, na msijivute kwa tawi la mti mkavu. Wakati wa kushuka, mahali ambapo huwezi kushuka ukiwa umesimama na ukitazama mbele, geuka utazame mlima, ushuke kwa mikono na miguu; na mahali ambapo hata hivyo unasita, usishuke, rudi juu utafute pengine. Nguvu za kurudi juu mita 50 lazima ziwepo katika akiba yenu hadi mwisho wa siku.

Ruhusa msiichukulie kama jambo la makaratasi tu. Sehemu za milima ya kusini mwa mto zimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye eneo la kilomita za mraba 1,990, na humo hakuna kupanda bila kibali cha Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na askari wa hifadhi. Sehemu nyingine ni hifadhi za misitu zilizo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu au chini ya vijiji. Nendeni kwanza kwa mtendaji wa kijiji kilicho mguuni pa kilima mlichokichagua, mjitambulishe, mweleze nia yenu. Watu watatu wageni wanaopanda kichakani alfajiri wakiwa na ramani hudhaniwa kwa urahisi kuwa wawindaji haramu au watafutaji wa madini, na mashaka hayo yakishaingia kijijini ni vigumu kuyaondoa. Mwombeni mtendaji awatafutie mwenyeji wa kuwaongoza, na kama yupo mrina asali, ombeni huyo, maana yeye hupanda kwenye vilima hivyo kwa kazi yake na anajua kila ukuta ulipo. Malipo yake yasemwe wazi kabla ya kuondoka. Mkiwa naye, sehemu kubwa ya yale niliyoyaeleza kuhusu magenge ataibeba yeye. Suala la saa, la maji na la moto litabaki juu yenu, kwa sababu mwenyeji mwenye heshima hatawakatalia wageni wake wanaposema waendelee.

Mwachieni mtendaji, pamoja na mtu mmoja wa nyumbani, karatasi yenye jina la mgongo mnaoupanda, saa mnayotarajia kurudi, na saa ambayo wakiwa hawajawasikia waanze kuwatafuta. Mtandao wa simu hupatikana kwenye migongo mingi inayotazama barabara kuu na hupotea ukiingia nyuma yake. Nambari ya dharura ni 112. Na kama pamoja na maandalizi yote giza litawakuta mkiwa bado juu, msishuke kwa tochi. Kaeni kwenye mgongo, mbali na ukingo, mahali penye mwamba au udongo mtupu, mkae karibu karibu mkiwa mmevaa kila mlichonacho, mwashe tochi kwa vipindi kuelekea kijijini ili wawaone, na msubiri saa 12:30 asubuhi. Kila mmoja awe na sweta, tochi na chakula cha ziada kwa ajili ya usiku huo, hata kama jua la mchana linafanya sweta ionekane mzigo wa bure.